Barabara na Balabala

Shule ya wasichana, Kitui
Jumapili, 16 Mei 1993

Kwa Baba Mdogo Mulei,

Ulinikataza kuanza barua kwa "sijambo na natumaini hujambo". Ulisema hiyo ni foleni ya maneno yanayosubiri barua ifunguliwe. Kwa hivyo naanza na aibu yangu ya Jumanne.

Madam Muthoki alinichagua nisome insha yangu mbele ya darasa. Unajua mimi nikisimamishwa mbele ya watu sauti inarudi tumboni. Nilisoma vizuri mpaka ukurasa wa pili, halafu ulimi ukateleza nikasema "balabala". Si mara moja, mara tatu. Darasa zima lilicheka, hata Wakamba wenzangu ambao nyumbani kwao hiyo "r" haijulikani kama vile kwetu haijulikani. Abdiya, rafiki yangu wa Kyuso ambaye baba yake ni mfanyabiashara wa ng'ombe, hakucheka. Lakini tulipotoka akaniuliza, "Mutindi, hiyo balabala yako inaelekea wapi? Nataka kupanda gari." Sasa bweni zima wananiita Balabala.

Nilikumbuka barua yangu ya kwanza kwako, nikiwa darasa la pili. Niliandika neno hilo hilo na wewe hukunirekebisha. Ulinijibu kwamba neno likishazaliwa haliuawi, linatafutiwa kazi. Mama alisema ndivyo wasomi wanavyoharibu watoto.

Abdiya pia ameona barua zako zinaanza na "Mwaitu" akauliza huyo ni nani. Nikamweleza nilipewa jina la mama yako, kwa hivyo kwako mimi ni mama. Akasema Wakamba mna mambo. Nisalimie jirani yako Musyoka. Bado nacheka nikikumbuka vile alipita uani likizo ya Aprili akasema, "Kumbe huyu ndiye mama aliyemzaa daktari akiwa na miaka kumi na sita." Nilitamani kujificha nyuma ya nyumba.

Je, ofisi ya barabara huko mjini Wote wamejibu? Nafikiria sana ule mfano wa mlima uliosema utawatengenezea ndani ya sanduku, waone kwa macho vile barabara yao itakavyopita juu ya matuta ya mama yako, nyanya yangu, na kaburi lake. Barua zako thelathini na moja waliziweka kwenye faili, lakini mlima hauingii kwenye faili. Uliponiita mezani ukasema mwandiko wako hakuna karani anayeweza kuusoma, na kwamba wangu wataupenda, nilijivuna, nakuambia ukweli. Ile anwani ya injinia niliiandika mara mbili kwenye karatasi ya kaki. Ya kwanza niliitupa kwa sababu "W" ya Wote ilikuwa imeegemea.

Mama yako mdogo,
Mutindi


Kilungu
29 Mei 1993

Mwaitu,

Wacha wacheke. Kuna vitu viwili, na Waswahili walipewa neno moja tu. Barabara ni njia iliyotengenezwa na miguu, watu wakienda na kurudi mpaka ardhi ikakubali. Inapinda ikikuta mparachichi wa mtu. Balabala huchorwa kwa rula na mtu aliyeketi Nairobi, juu ya mlima asioujua, na ikikuta kitu haipindi. Ndivyo ninavyoandika siku hizi katika daftari langu, kila neno mahali pake. Neno ni lako. Mimi nimelipa maana tu.

Tingatinga limefika kwa jirani yetu Kalondu. Yale matuta yalichimbwa na kina mama wa mwethya, wakisaidiana shamba kwa shamba, kwa majembe, mwaka wa hamsini na moja, wakiimba, mama yangu mbele na mimi mgongoni kwake. Dereva aliwasha sigara, na kabla haijaisha ukuta wote ulikuwa chini. Nilihesabu dakika. Kuhesabu ndiyo kazi niliyosomea. Waliponifukuza chuo kikuu mwaka wa themanini na mbili walichukua funguo za ofisi, hesabu hawakuichukua.

Unauliza mfano wa mlima. Bado. Kuna sehemu moja nataka iwe sawa kabisa.

Barua zangu zichome ukishasoma. Unajua serikali inavyowaonea wivu watu waliosoma.

Mwanao,
Mulei


Kitui
Jumapili, 27 Juni 1993

Baba Mdogo,

Jana wakati wa chakula mwalimu wa zamu aliinua sauti ya redio. Kifurushi kimelipuka katika ofisi ya barabara huko Wote. Karani mmoja, anaitwa Mbinya, amepoteza vidole na jicho moja. Wasichana waliendelea kula githeri. Mimi nilimwambia Abdiya nina malaria nikaenda kulala na viatu.

Nakuandikia kitu kimoja. Kuna mtu mbaya ametuma kitu kibaya kwa ofisi ile ile tuliyokuwa tunataka kuipelekea ule mfano wa mlima. Niambie ulikuwa bado hujautuma. Ukinijibu hivyo tu inatosha, sitauliza tena.

Barua zako sijazichoma. Ziko ndani ya godoro. Nisamehe.

Mutindi


Kilungu
5 Julai 1993

Mwaitu,

Nilikuwa sijautuma. Uko hapa mezani, nauona nikiandika.

Huyo karani alifungua kitu kilichoandikwa jina la injinia. Ndiyo tabia ya maofisi yetu, kila mtu anafungua kisicho chake. Nakuomba usizungumze na mtu yeyote habari ya sanduku, maana polisi wetu hawajui tofauti kati ya mwanahesabu na mchawi.

Nimekuwekea maswali sita ya logarithimu nyuma ya karatasi hii. La tano lina mtego.

Mulei


Kitui
Jumapili, 25 Julai 1993

Baba Mdogo,

Swali la tano sikulijibu.

Wiki hii Madam Muthoki alileta gazeti darasani. Wamechapisha barua ya yule mtu wa kifurushi, aliyowatumia mwenyewe bila jina. Anasema atatuma vingine mpaka mashine zitoke mlimani. Na wamemshika mtu. Ni Musyoka. Yule yule wa "mama aliyemzaa daktari". Ofisi ya barabara walimfuta kazi ya kuvunja mawe, akawaandikia barua ya kulalamika, na katika barua yake kuna "balabala". Katika barua ya gazetini pia kuna "balabala". Basi wamemaliza uchunguzi. Gazeti limesema mwandishi hakusoma vizuri, mstari mmoja anaandika kwa "r" na mwingine kwa "l", hata hajui ni lipi sahihi.

Madam alitupa kazi: tutafute makosa yote katika barua hiyo. Wasichana walinigeukia. "Balabala, simama utusaidie, huyu ni ndugu yako." Nilisimama kweli. Nilikuwa nimepiga mistari kwa penseli chini ya kila neno, na nikaona hakuna kosa hata moja. Kila mahali watu wanatembea kwa miguu ameandika barabara. Kila mahali kuna tingatinga ameandika balabala. Mara kumi na nne, na hakukosea hata mara moja. Madam akauliza, "Mutindi, umepata mangapi?" Nikasema mawili, nikaketi.

Kuna jambo lingine. Redio haikusema kifurushi kiliandikwa jina la nani. Gazeti pia halijasema. Wewe uliniambia ni jina la injinia. Na mimi nilijua, kwa sababu ndilo jina nililoandika.

Nimekuwa nikijiuliza kama nilijua tangu ile Jumamosi ya redio. Nafikiri nilijua. Nilikuomba unidanganye na ukanitii.

Musyoka ana mke, Kalunde, na mtoto anayenyonya. Wewe unawajua kuliko mimi. Tafadhali nenda polisi wewe mwenyewe. Ukienda mwenyewe nitasema kwa watu wote kwamba ulienda mwenyewe.

Mutindi


Kilungu
30 Julai 1993

Mwaitu,

Nchi nzima imesoma barua ile: wahariri, mainspekta, wataalamu wa lugha. Aliyeielewa ni msichana wa kidato cha tatu mwenye penseli. Siwezi kukuficha kwamba nilifurahi. Nilifurahi kabla ya kuogopa, na hilo peke yake linatosha kukuonyesha nimefika wapi.

Sikukusudia Mbinya. Nilikusudia injinia, na injinia alikuwa ameenda Machakos kupima miwani. Kwa mwaka mmoja niliandika kwa adabu. Nilitaja sheria, nikachora ramani, nikaomba nikutane nao hata kwa dakika kumi. Mtu aliyefundisha wanaohesabu nyota, aliketi kwenye benchi lao siku nne mfululizo na hakuna aliyemuuliza "unataka nani, mzee?" Sasa wanasoma kila neno langu. Wameweka askari mlangoni na mashine zimesimama wiki tano. Fanya hesabu hiyo, uniambie ni wapi nimekosea.

Kuhusu Musyoka, hawana ushahidi. Watamwachilia. Na wasipomwachilia, mlima una nyumba mia mbili na zaidi. Katika kila mgawanyo kuna baki.

Mwandiko wako nisingeutumia kama ningekuwa na mwingine. Hiyo ndiyo sehemu ambayo haikutoka sawa.

Mwanao,
Mulei


Kitui
Jumapili, 1 Agosti 1993

Kwa Mama mpendwa,

Barua hii inaletwa huko Kyuso na dereva wa lori la babake Abdiya, nimeogopa kuiweka posta. Isome ukiwa peke yako.

Kile kifurushi cha Wote kilitoka kwa Baba Mdogo. Amekubali kwa mkono wake. Na Musyoka amefungwa bure. Mama, nifanye nini? Baba Mdogo amemwita Musyoka baki. Kama vile namba inayobaki ukigawanya. Nimesoma hapo mara nyingi nikitafuta kama kuna maana nyingine.

Kuna kitu kingine sijaweza kukuandikia.

Mtoto wako,
Mutindi


Kyuso
Jumatano 4 Agosti 1993

Mutindi mtoto wangu,

Hiyo barua nilisoma nikiwa nimesimama sokoni, nikaketi juu ya gunia ya ndengu ya mtu mwingine. Mwenyewe akaniuliza, Mbula kwani umefiwa, nikasema ni jua.

Sikiza. Mulei ndiye alikushika mkono tukizika baba yako. Ndiye alikufundisha kusoma kabla uende shule. Watu walisema amerudi kutoka ng'ambo na akili nyingi mpaka imemwagika, mimi nikamtetea. Sasa unataka apelekwe polisi na nani? Na wewe? Polisi wako na kazi yao. Kama huyo Musyoka hakufanya, wataona. Wewe nyamaza, ufunge shule, ukuje nyumbani tupalilie. Msichana akipeleka jina la ukoo wake polisi, huko Kilungu atasalimiwa na nani?

Jana ushirika wa kina mama uliomba kwa ajili ya huyo Mbinya. Kila mtu alisema amina. Mimi mdomo ilikataa kufunguka. Nilingoja ifunguke na haikufunguka mpaka wimbo ikaanza. Sijui kwa nini nakuambia hii.

Hicho kitu kingine usiniandikie. Nafikiri najua. Nilikuwa hapo Aprili, niliona karatasi ya kaki.

Choma hii.

Ni mimi mama yako,
Mbula


Kitui
Jumapili, 8 Agosti 1993

Baba Mdogo,

Barua hii ikikufikia labda polisi watakuwa wameshafika.

Ijumaa nilienda kwa Madam Muthoki nikiwa na barua zako ndani ya foronya ya mto. Nilisimama mlangoni mpaka akasema, "Ingia ama utoke, nzi wanaingia." Nikaingia. Sauti ilirudi tumboni kama kawaida, kwa hivyo nilimpa gazeti lenye mistari yangu ya penseli, halafu nikampa barua yako ya Mei. Alisoma polepole. Alipofika mwisho alivua miwani akasema, "Huyu alinifundisha hesabu mwaka wa sabini na nane. Alikuwa anatuomba msamaha akifuta ubao kabla hatujamaliza kunakili." Halafu akapiga simu polisi.

Ulisema nikuonyeshe ulipokosea katika hesabu. Sijui. Ninajua tu Mbinya hakuwa kwenye swali.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia Madam wala inspekta. Kabla ya kufika mlangoni kwake nilizitoa barua tatu zinazotaja mwandiko. Ile yangu ya Mei uliyonirudishia ukiwa umesahihisha herufi, ile yako ya mwisho, na nakala niliyobaki nayo ya barua yangu ya Julai kuhusu mistari ya penseli. Nilizitumbukiza chooni. Inspekta aliniuliza, "Kuna mtu alikuwa anamsaidia?" Nikasema sijui. Aliandika "hajui", akanipiga bega akasema mimi ni msichana shujaa. Nilishukuru.

Nilitaja jina lako nikaficha langu.

Mutindi


Rumande, Machakos
17 Oktoba 1993

Mutindi,

Hapa barua husomwa kabla ya kufungwa, kwa hivyo nitakuandikia kama mtu anayezungumza na mtoto mbele ya wageni.

Sina hasira nawe. Chakula ni kibaya na watu ni wazuri. Nafundisha mgawanyo kwa wezi wawili wa mbuzi na askari mmoja.

Nimekubali mashtaka yote, pamoja na barua ya gazetini. Tatizo ni moja. Wameleta mtaalamu wa miandiko kutoka Nairobi, na amesema anwani iliyokuwa juu ya kifurushi haikuandikwa na mimi. Nimewaambia niliiandika, nimeapa, nimewaonyesha vile niliiga herufi za vitabu vya shule. Hawaniamini. Wanasema lazima kulikuwa na mwenzangu, na kwa vile Musyoka bado wanaye, wamesema ni yeye ama mkewe. Kalunde aliletwa hapa wiki iliyopita akaandikishwa jina la injinia mara hamsini, mtoto mgongoni. Hajui kuandika. Alichora.

Nitaendelea kusema ni mimi. Wewe una mtihani mwaka ujao. Mtu akiokoka katika hesabu hii awe ni yule mwenye miaka mingi mbele yake. Usinipinge, tafadhali. Ni kitu cha mwisho ninachoweza kukupa.

Mwendesha mashtaka aliniletea picha ya mikono ya Mbinya. Niliitazama kama mchoro tu, nikitafuta pembe. Halafu nikaona kwamba kucha mbili zilizobaki zilikuwa zimepakwa rangi, nyekundu, na moja imepakwa vibaya kidogo pembeni, kama mtu aliyekuwa na haraka asubuhi hiyo. Nilimwomba aiondoe picha. Aliiacha mezani akaenda kunywa chai.

Mulei Ndululu


Kitui
Jumapili, 14 Novemba 1993

Kwa Mama Mbinya,

Bahasha hii sikuibandika. Nimeiacha wazi ili uone kilicho ndani kabla ya kuishika. Jina lako juu yake limeandikwa na mwalimu wangu, Madam Muthoki. Nilimwomba aliandike yeye, usikutane na mwandiko wangu kabla hujajua ni wa nani. Nimesikia kuna dada yako anayekusomea. Kama anasoma kwa sauti, tafadhali mwambie asimame hapa kwanza, ukitaka asiendelee basi.

Mimi ni Mutindi. Dakta Mulei ni ndugu ya marehemu baba yangu. Mimi ndiye niliyeandika anwani iliyokuwa juu ya kile kifurushi. Aliniambia ndani kutakuwa na mfano wa mlima, na nilimwamini. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wananiambia si kosa langu, na nimechoka kuambiwa, kwa sababu wanaishia hapo.

Sehemu iliyobaki ni hii. Niliposikia jina lako kwenye redio nilijua, na nilikaa wiki sita. Niliposema, nilisema nusu. Inspekta alinisifu nikanyamaza. Kwa sababu ya nusu ile Musyoka ameendelea kufungwa miezi mitatu zaidi, na mkewe akaletwa polisi kuandikishwa akiwa hajui kuandika. Barua ya Baba Mdogo yenye habari hiyo ilinifikia tarehe ishirini na moja Oktoba. Niliiweka ndani ya kitabu cha biolojia siku kumi na tisa nikiendelea na masomo. Nilipata namba mbili darasani. Nakuambia hata hilo kwa sababu nilifurahi, na nilikuwa naijua barua iko wapi.

Jumanne nilienda Machakos na mama yangu. Mama alikuwa ameniambia niache, lakini alikuja. Inspekta alinipa karatasi na kalamu akasema niandike jina la injinia na Wote. Niliandika mara moja tu. Alilinganisha, akaita mwenzake, wakainamia karatasi wote wawili. Yule mwenzake akasema, "Kumbe ni katoto." Musyoka ametoka Alhamisi. Tulimwona langoni. Mama alimwita, yeye akatutazama kama watu wa mbali, akashika njia na Kalunde. Hakuna utani alioufanya. Sikutarajia aufanye.

Mimi sijui nitafanywa nini. Wamesema nitakuwa shahidi, na mengine wataamua baadaye kwa sababu ya umri wangu. Shule imesema nimalize muhula. Hapa hakuna tena anayenitania, na ningependa wanitanie.

Sikuandikii ili unisamehe. Nilipoanza barua hii nilikuwa nimeandika neno hilo, Madam akaniuliza kama ninaomba kitu ama ninatoa kitu, nikalikata. Nimeandika kwa sababu kesi ni Jumatano ya tarehe ishirini na nne, na tutakuwa katika chumba kimoja. Nimeona afadhali ujue kabla hujaingia, usije ukaketi karibu na mimi bila kujua ukafikiri ni msichana tu aliyesindikiza mama yake.

Nitakuwa nimevaa sweta la shule, la kijani. Ukitaka niketi mbali nitaketi mbali. Kuna jambo moja nimelifikiria wiki nzima, nikamuuliza hata Madam. Kwetu sisi mtoto akikutana na mtu mzima humpa mkono, na mimi sijui nitakusalimia vipi.

Mutindi Ndululu